Mtambo Ukinena, Fundi Ausikie kwa Lugha Gani?

Jumamosi moja niliwachukua wanafunzi wangu 11 wa somo la leksikografia, tukapanda matatu kutoka katikati ya jiji la Nairobi kuelekea magharibi, tukashuka mbele kidogo ya Dagoretti Corner, penye karakana moja ya maseremala. Nia yetu ilikuwa ndogo na ya kitaaluma. Tulitaka kuthibitisha iwapo majina ya ala za useremala yaliyomo katika vitabu vya shule, yaani randa, keekee, jiriwa, patasi, tupa, timazi na mengineyo, bado yamo vinywani mwa watu wanaozishika ala zenyewe. Kila aliyepitia mtihani wa K.C.P.E. kabla haujafanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023 anayakumbuka majina hayo. Tuliyakariri kama sala, ilhali wengi wetu hatukuwahi kuishika randa hata mara moja.

Randa tuliiona. Ilikuwa rafuni, imelala chini ya vumbi pamoja na patasi mbili zilizoota kutu. Katikati ya karakana palikuwa na kitu kingine kabisa: meza ya chuma yenye ukubwa wa kitanda cha watu wawili, na juu yake kichwa kilichokwenda na kurudi chenyewe, kikichonga milango ya kabati kwenye ubao ule wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, ambao mafundi huuita emdiefu. Mashine yenyewe wanaiita siensii, kwa kuzitamka tu herufi tatu za jina lake la Kiingereza. Kando yake alisimama kijana wa miaka kama 25, amekodolea macho kompyuta. Hakuwa na penseli sikioni. Hakuwa na rula. Mchoro ulikuwa ndani ya faili, na faili ndiyo iliyokuwa ikichonga.

Mzee wa karakana, fundi aliyeanza kazi mwaka 1981 chini ya mti kando ya Barabara ya Ngong, alikuwa ameketi kwenye gogo akinywa chai, ameipa mashine mgongo. Nilikuwa nikimwuliza kuhusu timazi. Mara akainua mkono kuninyamazisha.

"Kijana, zima hiyo. Inakoroma."

Kijana aliangalia kioo cha kompyuta. "Mzee, hapa kila kitu kiko sawa."

"Nimesema inakoroma. Saa ile ilikuwa inaimba, sasa inakoroma. Zima."

Kijana hakuzima. Nusu dakika baadaye tulisikia mlio mkali, harufu ya kuungua ikatanda, na mlango ule wa kabati ukawa umechimbwa mfereji wa kina kilichozidi kipimo. Kikatio kilikuwa kimelegea shingoni mwake. Ubao mzima ulitupwa. Kijana alisimama kimya, na mzee hakumkaripia. Alimalizia chai yake.

Msomaji, nimefundisha isimu kwa miaka mingi, na sikumbuki mhadhara wangu wowote uliowazindua wanafunzi kama nusu dakika ile. Walimzunguka mzee wakamwuliza tofauti ya kuimba na kukoroma. Naye akaeleza, kwa utulivu wa mtu anayefafanua jambo lililo wazi, kwamba mashine ikiwa na afya huimba, kikatio kikianza kuwa butu hukohoa, kikilegea hukoroma, na fani ya kuzungukia ikichakaa mashine husaga meno. Alituambia pia kwamba msumeno wa umeme una namna yake ya kulia ukikutana na msumari uliofichwa ndani ya mbao, na kwamba fundi asiyeijua sauti hiyo hupoteza vidole.

Sasa niruhusu niondoke kwa muda Dagoretti, kwa sababu jambo alilolifanya mzee yule kwa sikio lake ndilo linalotafutwa leo kwa fedha nyingi katika viwanda vya ulimwengu.

Mashine inayoongozwa kwa tarakimu si kitu kipya. Ya kwanza ilionyeshwa hadharani mwaka 1952 katika chuo cha MIT nchini Marekani, ikisoma amri zake kutoka kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa. Kilicho kipya ni kwamba mashine hizo zimeanza kusema. Mwaka 1999 Mwingereza Kevin Ashton alilizua jina la Kiingereza ambalo sisi tunalifasiri kuwa intaneti ya vitu, na mwaka 2011, katika maonyesho ya Hannover, Wajerumani walianza kuyaita mabadiliko haya mapinduzi ya nne ya viwanda. Msingi wake ni rahisi kueleweka. Mota hubandikwa kihisi, yaani kidude kidogo kinachopima joto lake, mtetemo wake au umeme inaoufyonza. Vipimo hivyo hupelekwa mtandaoni kila mara, kompyuta ikavilinganisha na vya jana na vya juzi, na mtetemo ukibadilika mhandisi huonywa kabla mota haijafa. Mashine haingojwi tena iharibike ndipo iitiwe fundi. Hutengenezwa ingali inafanya kazi yake vizuri. Hapo ndipo kiwanda kinapookoa fedha, kwa maana saa moja ya kiwanda kusimama ni hasara isiyorudi.

Kwa maneno mengine, kihisi cha mtetemo ni sikio. Ni sikio lisilochoka wala kwenda kunywa chai, ila ni sikio lisilojua lolote mpaka mtu alifundishe kwamba mtetemo huu ni wa afya na huu ni wa maradhi.

Pengine utasema kwamba hayo ni ya Ujerumani. Sivyo. Vidude hivyo vinauzwa katika maduka ya Barabara ya Luthuli, hatua chache kutoka River Road, pamoja na zile bodi ndogo za Arduino zilizobuniwa Ivrea, Italia, mwaka 2005 ili wanafunzi wajifunze kuunganisha vihisi na kompyuta kwa gharama ndogo. Chuo Kikuu cha Nairobi kina maabara ya uundaji iliyofuata mfano wa zile za MIT, na Dkt. Kamau Gachigi aliyeiongoza ndiye aliyekuja kuiongoza Gearbox, karakana ya pamoja ambamo mbunifu asiye na mashine zake hutumia za wote. Kampuni ya AB3D ya papa hapa jijini ilijijengea jina kwa kuunda printa za kuchapa vitu vya plastiki kwa kutumia vipuri vya taka za kielektroniki. Na wakati wa korona, mwaka 2020, printa za aina hiyo zilitumika Nairobi kutengenezea ngao za uso. Vifaa vya sola vya M-KOPA vimekuwa vikizungumza na makao yake kwa laini ya simu tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, hata mteja asipolipa taa hujizima zenyewe bila mtu kubisha hodi. Na Oktoba 2023 kiwanda cha kuunganisha simu kilizinduliwa Athi River, nje kidogo ya jiji. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009 wengi tuliwaza habari na burudani. Kumbe hata makabati yangepitia humo.

Maana makabati hupitia humo kweli. Yule kijana alinionyesha kwamba mchoro wa mlango ule haukuwa wake. Aliununua mtandaoni kutoka kwa mtu asiyemjua, katika nchi asiyoijua, akaurekebisha vipimo. Nilipomwuliza ni nani basi aliyeubuni mlango huo wa Dagoretti, alicheka.

Nirejee sasa kwenye taaluma yangu. Watu wanaodhani Kiswahili hakina mdomo wa mitambo hawajakipekua. Neno mtambo lenyewe lilitumiwa zamani kwa kitu chochote chenye kamani ndani yake: kitasa, mtego, kifyatuo cha bunduki. Kiwanda kilikuwa uga, mahali pa wazi palipofanyiwa kazi, na hata leo karakana nyingi za jua kali zinastahili jina hilo kwa maana yake ya kale kuliko majumba ya Eneo la Viwandani. Kukereza ni kitendo cha mafundi wa pwani walioizungusha miguu ya vitanda katika kerezo. Mashine ya kisasa ya kukerezea chuma kwa kompyuta hufanya kitendo kile kile, ila hakuna mwanafunzi wa ufundi niliyekutana naye anayelijua neno hilo. Meza na parafujo tulizipata kwa Wareno, chapa tuliipata Bara Hindi, na hakuna aliyelia kwamba lugha imekufa. Lugha hula.

Na vijana wa Dagoretti wanailisha. Nilipokuwa pale nilisikia mashine ikirudishwa nyumbani, maana yake kichwa chake kikirejeshwa mahali kinapoanzia kupima. Kitufe chake kina picha ya nyumba. Nilisikia kwamba faili imekataa kuingia, kwamba mashine inakula mbao kwa pupa na inafaa ipunguziwe mwendo. Hayo ni maneno hai, na hakuna kamusi iliyoyaandika.

Hapa lazima nijikosoe, mimi na wenzangu. Kwa miaka mingi tumeketi katika ofisi zilizo karibu na University Way tukibishana iwapo kompyuta iitwe tarakilishi au ngamizi, na iwapo ile inayopakatwa iitwe kipakatalishi. Sijutii mabishano hayo. Yana utamu wake. Mwaka 2004 wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda mbali zaidi, wakatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, nayo ilikuwa kazi ya kuheshimika. Lakini sote tulianzia mezani mwa karani. Tuliipa majina kompyuta inayoandika barua, tukaisahau inayokata mbao. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi wa kidato cha nne aliweza kunitajia kwa Kiswahili sanifu kila sehemu ya kompyuta ya ofisini, na fundi anayeiendesha siensii hana neno hata moja kutoka kwetu.

Hasara ya jambo hili si ya kamusi peke yake. Uchumi wetu wa ufundi umejengwa juu ya uanagenzi. Shirika la Kazi Duniani liliandika juu ya sekta hii katika ripoti yake kuhusu Kenya ya mwaka 1972, Rais Moi akaizuru Kamukunji mwaka 1985, na leo takwimu za serikali zinaonyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya kazi nje ya kilimo kidogo zimo katika sekta isiyo rasmi. Katika karakana hizo kijana alijifunza kwa kutazama, kusikia na kuambiwa, na aliambiwa kwa Kiswahili, hata kama ni cha kuvunjavunja. Ujuzi ulitoka kwa mzee ukaenda kwa kijana kupitia lugha moja.

Sasa ujuzi una milango miwili isiyotazamana. Kijana amesomea katika taasisi ya ufundi, na masomo yake yote yalikuwa kwa Kiingereza. Anayajua majina ya maonyo yote yanayotokea kwenye kioo, ila hawezi kumfasiria mzee hata moja kati yake. Nilimwomba ajaribu, akashindwa, akaona haya. Mzee naye anazijua sauti zote, na kijana hana nafasi ya kuziandika popote kwenye kompyuta yake. Kila mmoja ana nusu ya mashine. Ubao ule uliotupwa ulikuwa ndiyo bei ya pengo lililo kati ya nusu hizo, na ni bei ndogo. Ingekuwa tanuri la kiwanda cha chuma, tungekuwa tunazungumzia maisha ya watu.

Rafiki yangu mhandisi, tunayekutana mara kwa mara kwa kahawa jijini, hakubaliani nami. Anasema mtaalamu yeyote wa mitambo lazima ajue Kiingereza, kwa kuwa miongozo yote imeandikwa kwa lugha hiyo, na kama si hiyo basi ni Kichina. Anasema kumpa mwanafunzi istilahi za Kiswahili ni kumtwika mzigo wa pili. Hoja yake ina uzito, na sitaipuuza. Mimi mwenyewe nisingetaka daktari wangu au rubani wangu asijue Kiingereza. Lakini hoja hiyo inamjibu mwanafunzi na kumsahau mzee. Tena inadhani kwamba maarifa husafiri upande mmoja tu, kutoka kwenye mwongozo kushuka hadi kwa fundi.

Wajapani waliionyesha dunia kinyume chake. Katika viwanda vya Toyota, mfanyakazi akiona kasoro huvuta kamba, taa ikawaka, na kazi ikaweza kusimamishwa mpaka kasoro iondolewe. Taa hiyo huitwa andon, neno ambalo kwa asili ni jina la taa ya zamani ya Wajapani iliyozungushiwa karatasi. Hawakungoja kamati. Walichukua neno la nyumbani wakalipachika kiwandani, na leo wahandisi wa Detroit na wa Nairobi hulitamka neno hilo la taa ya karatasi bila kulifasiri, kama wanavyotamka kaizen. Neno lilisafiri kwa sababu lilibeba maarifa ambayo wengine hawakuwa nayo. Mzee wa Dagoretti naye alikuwa na kamba ya kuvuta, nayo ni neno "inakoroma". Haikuunganishwa na taa yoyote.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, tangu shule za sekondari ya chini zilipoanza mwaka 2023, somo la maandalizi ya ufundi linalofundishwa humo hufundishwa kwa Kiingereza, huku mwalimu wa Kiswahili katika chumba cha pili akifundisha tanakali za sauti na milio: mlio wa ng'ombe, mlio wa sarafu, mlio wa kengele. Walimu wenzangu, mnaona ninakoelekea. Somo letu la milio, ambalo baadhi yetu hulichukulia kuwa burudani ya darasa la tano, ndilo somo ambalo wahandisi wa mitetemo wanalihangaikia kwa hesabu ngumu. Kwa nini basi mwanafunzi asitumwe kwa fundi cherehani, kwa mwenye posho mill, kwa mkereza vyuma wa Kangemi au wa Kawangware, akarudi na milio ya mashine na maana zake? Ataleta maneno ambayo mwalimu hayajui. Hapo mwalimu anyamaze aandike. Mimi nililazimika kufanya hivyo mbele ya wanafunzi 11, na cheo changu hakikupungua.

Sitaki mtu afikiri kwamba ninaililia randa. Kuna wanaoililia, na wengi wao hawajawahi kuisukuma mchana kutwa. Mzee mwenyewe hana hamu nayo. Mgongo wake unamkumbusha. Barabara ya Ngong ilipopanuliwa mwishoni mwa miaka ya 2010 na mafundi wengi wakaondolewa kandokando yake, yeye alinusurika kwa sababu mwenye karakana alipata fedha za kukodi banda na hatimaye kununua mashine. Ila alipoingia humo aliwakuta maseremala tisa, na leo wako wanne. Watano walikwenda wapi? Niliwauliza, wakanitajia bodaboda, shamba, na mmoja hakuna ajuaye. Sina jibu la isimu kwa jambo hilo.

Tulirudi tena wiki sita baadaye. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa ameshirikiana na mwenzake anayesomea uhandisi, wakanunua Luthuli kihisi cha mtetemo na bodi ndogo, wakakifunga kichwani mwa siensii kwa ruhusa ya mwenye karakana. Kila mashine inapobadilisha sauti, kijana huandika saa na mzee husema jina la sauti hiyo. Kompyuta inahifadhi mtetemo na jina lake pamoja. Jedwali lao lina vichwa vya safu kwa Kiswahili: kuimba, kukohoa, kukoroma, kusaga meno. Yule wa uhandisi alitaka kuziunganisha safu mbili za katikati kwa kuwa namba zake zinafanana. Mzee alikataa katakata, akamwambia aongeze vipimo, si apunguze majina. Waliongeza, na tofauti ikaonekana.

Safu ya tano bado haina jina. Mzee anasema sauti hiyo anaijua, lakini aliisikia mara ya mwisho mwaka 1994 kwenye msumeno wa mashine ya zamani, na hataki kuitaja mpaka aisikie tena.